Honi ya Saa Sita

Walikuwa saba, wanene, na kila mmoja alikimbia kama aliyefumaniwa. Land Cruiser ilikuwa nyuma yao hatua kumi tu. Vumbi. Kona. Vumbi tena.

"Tokeni, wajinga nyie," dereva alisema kwa upole, akakanyaga mafuta.

Ngiri wale saba wakakata kushoto, mikia juu, wakazama majanini. Kiwanja kikabaki kitupu: mita elfu moja za udongo uliosawazishwa, soksi ya upepo yenye matundu juu ya mlingoti, na kibao kipya cha maandishi ya rangi ya dhahabu, KARIBU KATIKA PORI LISILOGUSWA.

Lisiloguswa! Aliyekiandika kibao hicho amelipapasa pori hilo mpaka uvunguni. Lakini tusimtangulie, zamu yake inakuja.

Kila hifadhi yenye kiwanja cha udongo ina kazi hii. Kabla ndege haijatua, mtu apite na gari mwanzo hadi mwisho afukuze chochote chenye miguu minne, maana rubani akishashusha matairi hana pa kumpishia ngiri. Kwenye hifadhi maarufu kazi hiyo ina watu wake na sare zao. Hii haikuwa maarufu. Watalii waliofika huku mwaka mzima wangeenea kwenye basi moja na viti vikabaki. Kwa hiyo kiwanja kilikuwa mali ya dereva, na hakuna mwingine kambini aliyekikanyaga isipokuwa siku ya kupanda ndege.

Simu ya setilaiti, Thuraya ndogo iliyofungwa chini ya kiti, ikatetemeka mara mbili.

"Shangazi," alisema dereva.

"Wageni wa harusi wamekwama mtoni. Daraja limeondoka na maji. Wanazunguka, watafika saa nane."

"Bibi harusi anaondoka saa sita."

"Basi asiondoke."

"Nina nafasi ya kiasi gani?"

"Hakuna risasi. Hakuna kujulikana mpaka mzee atie sahihi. Mengine yako."

Simu ikakatika.

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu. Alikuwa mwanamume mzito mwenye kikohozi, mkuu wa kitengo kimoja katika ofisi isiyo na kibao mlangoni, na jina hilo alijichagulia mwenyewe bila hata kutabasamu. Wageni wa harusi walikuwa maofisa kumi na wanne kwenye magari mawili. Bibi harusi alikuwa masanduku manane ya aluminiamu, na mzee alikuwa Mhifadhi Mkuu wa hifadhi. Na dereva, ambaye kambini waliishia kumwita Dereva kwa sababu mwajiri wake hakuona haja ya kumuuliza jina, ofisini aliitwa Msumari. Dada wa miaka thelathini na minne, mwembamba, sauti ya chini. Ukishampigilia mahali, hang'oki.

Aliangalia saa yake, Casio ya plastiki. Saa nne na nusu.

Saa moja na nusu kabla ya ndege kuondoka. Saa tatu na nusu kabla ya msaada kufika. Tofauti ya hapo katikati ilikuwa maisha ya kaka yake.

Hilo tuliseme wazi, tusizunguke mbuyu. Kaka yake, mtoto wa kwanza wa mama yao, alikuwa askari wa wanyamapori katika hifadhi hiyohiyo kwa miaka kumi na tisa. Miezi minne iliyopita ngozi tatu za chui zilikutwa chini ya kitanda chake, na aliyeongoza msako alikuwa Mhifadhi Mkuu mwenyewe, ambaye siku hiyo alijua hata upande gani wa kitanda wa kuinama. Tangu hapo kaka mtu alikuwa mahabusu. Hukumu ilikuwa Ijumaa. Leo ilikuwa Jumatano. Wakili alishaanza kuongea nao kama anayetoa pole msibani.

Shangazi alijua undugu huo. Alimwambia siku anamkabidhi kazi, "Sikutumi kwa sababu ya kaka yako. Nakutuma pamoja na hilo. Ukichanganya, nakurudisha." Msumari hakuchanganya. Alimpenda kaka yake kimyakimya, na kazi aliifanya sawasawa.

Sasa twende kwa mwenye kibao.

Kambini walimwita Kofia, kwa sababu hakuivua hata akila. Ilikuwa kofia pana ya ngozi, na kiunoni mwake imezungushiwa utepe wa ngozi ya chui, chui wa kweli, mbele ya macho ya dunia nzima. Alitoka ng'ambo. Nchi gani haituhusu, watu wa namna ile hawana kwao. Alikuja na vipeperushi vya karatasi nzito vyenye maneno kama utulivu na upweke, akawaambia wakubwa kwamba hifadhi isiyotembelewa ndiyo hazina. Hapo hakusema uongo. Mahali pasipo na macho panamfaa sana mtu wa aina yake.

Wageni wake walikuja wawili wawili, na masanduku marefu ya kamera. Kamera za ajabu, zilikuwa na mtutu. Walikaa siku tano, hawakuuliza jina la ndege hata mmoja, wakaondoka wakiwa na furaha ya watoto waliovunja dirisha la jirani na hawakushikwa.

Na Mhifadhi Mkuu? Huyo alikuwa na sare iliyopigwa wanga mpaka ungeweza kuisimamisha bila yeye ndani. Alikuwa na fimbo fupi ya kwapani. Alikuwa na kiti cha kuzunguka. Kitu ambacho hakuwa nacho ni udongo kwenye viatu. Miaka kumi na tisa alitia sahihi ripoti za kuhesabu wanyama, na miaka kumi na tisa hakuwahi kushuka kwenye gari kuona wanahesabiwaje. Yeye alisaini tu. Ungemletea karatasi inayosema twiga wamejifunza kuruka, angeuliza asaini wapi.

Kilichowaumbua watu hawa kilikuwa chumvi.

Mahema sita. Wageni wawili au wanne. Lakini lori lilileta magunia ishirini ya chumvi ya mawe kila mwezi, yakafungiwa kwenye stoo ya mabati nyuma ya kambi. Mama Mpishi, aliyekuwa akiomba chumvi ya mchuzi kwa kijiko kama mkimbizi, aliuliza ya nini. Kofia akamjibu ni ya vyoo vya kisasa. Mama Mpishi alimsimulia Dereva habari hiyo huku akimenya vitunguu, wala hakuinua macho.

"Mwanangu, mimi nimezaa saba na nimezika wawili," alisema. "Choo kinachokula chumvi kuliko ng'ombe sijakiona."

Msumari hakuhitaji kuambiwa zaidi. Chumvi nyingi hivyo hukaushia kitu kimoja tu, ngozi mbichi. Siku ya tisa aliingia stoo kwa funguo alizochonga mwenyewe. Kitufe kwenye kishikizo cha ufunguo wa gari kilikuwa kamera. Alipiga picha arobaini kwa dakika tatu. Chui, simba, duma, zimekunjwa na kupakwa chumvi. Na kila ngozi ilikuwa na kibandiko cha bati kilichoshonwa sikioni.

Hapo ndipo alipotaka kucheka. Kila kibandiko kilikuwa na jina la mpigaji, mahali, na tarehe.

Mwizi gani anaacha kitambulisho chake mlangoni? Mwizi mwenye majivuno. Wale wateja hawakutaka ngozi tu. Walitaka kumbukumbu ya ushujaa, ya kutundika sebuleni na kusimulia mbele ya shemeji. Kofia aliwaandikia kwa mkono wake, herufi nzuri, kama mwalimu anayejaza vyeti.

Chui dume. Tarehe tisa ya mwezi uliopita. Chui jike, kumi na tatu. Kaka yake siku hizo alikuwa nyuma ya nondo, anagawiwa uji. Mtu hawezi kuwa mahabusu na wakati huohuo awe anawamalizia chui porini.

Lakini picha ni picha. Wakili wa tumbo kubwa huisuta mahakamani kwa sentensi moja. Zilitakiwa ngozi zenyewe, vibandiko vyenyewe, na sahihi ya Mhifadhi Mkuu inayoziita sampuli za utafiti. Ndege ikiruka leo, ushahidi unaruka nayo, na Ijumaa kaka mtu anavaa sare ya wafungwa.

Saa tano kamili Cessna Caravan ilitua, safi, bila kikwazo. Kiwanja kilikuwa kitupu kama kiganja. Redio ya kiunoni ikakoroma, Kofia akiwa njiani na gari la pili.

"Dereva. Kiwanja kiko sawa?"

"Kiko sawa, bosi."

"Usiondoke. Tunapakia."

"Sawa, bosi."

Walifika. Kofia mbele, wageni wawili wenye masanduku yao marefu nyuma, na Mhifadhi Mkuu amekaa wima kulinda mikunjo ya suruali. Masanduku manane yakapakiwa. Wageni wakapakia na bunduki zao, chini kabisa, zimefungwa kwa kufuli. Msumari alisaidia kubeba. Hakuna aliyemtazama usoni. Wiki sita alizokaa pale alikuwa amegundua kwamba kwa watu hawa dereva ni sehemu ya gari, iko kati ya usukani na kiti.

Kofia hata bastola yake alimpa aisafishe. Kila Jumapili, pamoja na viatu. Glock nzuri, nyeusi, ambayo mwenyewe hakuwahi kuifungua, maana kazi ya mikono ni ya wengine. Jumapili iliyopita Msumari aliisafisha vizuri mno.

Saa sita kasoro tano Mhifadhi Mkuu alitandaza karatasi juu ya boneti, akavuta kalamu mfukoni, akauliza asaini wapi. Akaonyeshwa. Akasaini mara nane bila kusoma hata mstari.

Sahihi imepatikana.

Msumari akapanda Land Cruiser yake, akairudisha nyuma kidogo kama anayepisha, akaweka kiganja kwenye honi. Mara tatu. Ndefu. Akapumzika katikati kila mara kwa kuhesabu mpaka kumi.

"Unampigia nani?" Kofia aliuliza.

"Naaga ndege, bosi."

Kofia akatikisa kichwa kwa huruma ya mtu anayezungukwa na wapumbavu. Rubani alikuwa anafunga mlango wa mizigo. Matete yaliyokuwa kando ya bwawa, mita mia tatu kutoka pale, yakaanza kutikisika. Upepo haukuwepo.

Hapa ni lazima turudi kidogo kwenye chumba cha kuonana na mahabusu, kabla ya yote haya. Dakika kumi, wavu katikati, askari anasikiliza. Ndugu wawili hawakuweza kuongea kesi, kwa hiyo waliongea nyati. Kaka mtu alimweleza jinsi walivyokuwa wakiwahesabu kila kiangazi, maana nyati ndani ya matete hahesabiki hata ukiwa na macho kumi. Unamwaga chumvi mahali pa wazi. Unapiga honi tatu ndefu. Siku ya kwanza haji mtu. Ya pili anakuja dume zee lisilo na aibu. Baada ya wiki kundi zima linatoka, linalamba, na wewe uko juu ya gari na daftari. Honi hiyo walishaizoea miaka na miaka, wazee wamewafundisha ndama. "Na wakishaanza kulamba," alisema, "hata ukimpiga kofi mmoja atakuangalia tu." Kisha akacheka, kicheko cha kwanza baada ya siku nyingi, akasema jambo hilo kila askari analijua, ila ofisini hakuna anayelijua, kwa sababu hakuna aliyewahi kuja kuona.

Msumari aliliweka moyoni. Na alipofika kambini, nani alimpa chumvi? Kofia mwenyewe. Ile iliyotumika, yenye kunuka, alimwamuru Dereva aitupe mbali isije ikawakera wageni. Hakumwambia mbali wapi. Kwa siku kumi na mbili mfululizo, kila saa sita mchana, Dereva aliitupa katikati ya kiwanja cha ndege, akaifukia kwa udongo kidogo, na kupiga honi tatu.

Wa kwanza alitokea. Dume zee, pembe moja imevunjika, matope mpaka masikioni. Likatembea kwa utaratibu wa mtumishi anayewahi chakula cha mchana, likapita mbele ya pua ya ndege, likainamisha kichwa na kuanza kulamba.

Nyuma yake, wengine kama hamsini.

Rubani akakimbilia ndani akafunga mlango wake. Mmoja wa wageni akatoa simu kupiga picha, mwenzake akamvuta shati. Kofia akasema kwa utulivu, kwa sababu bado alidhani mambo ni yake: "Dereva. Watoe."

Msumari akaendesha polepole katikati yao. Wakampisha kwa hisani, wakafunga njia nyuma yake. Akageuza. Wakampisha tena. Nyati mmoja mchanga akaweka kidevu kwenye dirisha na kumwangalia. Akarudi mpaka alipoanzia.

"Hawataki, bosi."

"Hawataki?" Kofia akapanda upande wa dereva, akamsukuma mpaka kiti cha pili. "Miaka yote hii nakaa na watu wasiojua hata kufukuza ng'ombe. Angalia, ujifunze."

Jamani! Mwenye macho haambiwi tazama, lakini huyu angeambiwa asingetazama.

Aliingiza gari katikati ya kundi kwa fujo, akalaza mkono mzima kwenye honi. Ndefu. Akatukana. Akapiga tena, ndefu zaidi. Akapumua, akapiga ya tatu, ndefu kuliko zote.

Matete yakafunguka upande mzima.

Hawakuwa hamsini tena. Walitoka wazee, majike na ndama, waliotoka kwenye tope na waliokuwa wamelala kivulini, wakaja wote kwa mwendo wa kuitwa kula. Wakaizunguka ndege mpaka magurudumu hayakuonekana. Wakalizunguka gari, hasa nyuma, ambako gunia la mwisho la chumvi iliyotumika lilikuwa limefunguliwa mdomo tangu asubuhi. Gari likaanza kuyumba kama kitanda cha mtoto.

Redio ikalia. Ilikuwa sauti ya rubani, nyembamba. "Siwashi propela. Nasema siwashi. Nyama yote hii!"

Kwenye ngazi ya ndege, Mhifadhi Mkuu, mlinzi wa wanyama kwa mujibu wa sheria, aliwakanyaga wageni wote wawili ili aingie kwanza. Fimbo yake ilianguka chini, nyati mmoja akaionja na kuitema.

Kofia aliacha honi. Akatazama kushoto, pua. Kulia, pua. Akageuka nyuma kuona kinacholitikisa gari, na hapo akaliona gunia. Akalitazama kwa muda mrefu. Akanyoosha mkono, akachovya kidole, akakiweka kwenye ulimi.

Ilikuwa chumvi yake. Lazima aliijua ladha.

Alipogeuka tena uso ulikuwa umebadilika rangi, na Glock ilikuwa mkononi, inamwelekea Msumari kifuani, hatua moja tu katikati yao.

"Wewe ni nani?"

Kwa wiki sita nzima lilikuwa swali lake la kwanza kwake. Msumari alitamani kumwambia amechelewa kuuliza.

"Dereva," alijibu.

Kofia akavuta.

Tik.

Akavuta tena. Tik. Msumari akatia mkono mfuko wa shati, akatoa kipini kidogo cha chuma, kirefu kama njiti ya kiberiti, akakiweka juu ya dashibodi mbele yake. Ni kile kipini kinachogonga risasi. Bila hicho, bastola ya bei yoyote ni kipande cha chuma cha kupasulia karanga.

"Uliniambia nisafishe," alisema.

Kofia akarusha ngumi. Ilikuwa ngumi ya mtu aliyezoea wengine wampigie. Msumari aliidaka njiani, akaizungusha, kifundo kikalia, na pingu zikafunga mkono huo kwenye usukani kabla kilio hakijatoka vizuri. Kofia ikaanguka chini ya miguu. Kumbe ndani yake alikuwa na kipara cha kawaida tu, kama cha mjomba wa mtu yeyote.

Saa sita na dakika kumi na tatu.

Zilibaki saa mbili kasoro za kukaa hapo, wawili hao, madirisha juu, joto la kuokea mkate. Kofia alitumia robo ya kwanza kutukana. Ya pili alitaja wakubwa anaowajua, mmoja baada ya mwingine, na Msumari alikariri majina yote, maana Shangazi angeyapenda. Ya tatu alianza kuongea kwa sauti ya kirafiki, akasema yeye na Dereva ni watu wenye akili, na watu wenye akili huelewana. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Alipoona hajibiwi, akajifuta jasho kwenye kola kwa mkono uliobaki huru.

Ndipo akasikia kwamba mwenzake ananong'ona kitu.

"Unafanya nini?" aliuliza.

"Nahesabu. Usinipoteze."

Alikuwa amefika tisini na saba. Alikuwa akigeuka taratibu kwenye kiti, akiwatenga kwa pembe na makovu, akianza upya kila walipochanganyika. Hakuna aliyemtuma. Ila kaka yake hakuwahi kukosa hesabu ya mwaka mpaka mwaka huu.

Saa nane kamili vumbi likaonekana njia ya kusini. Magari mawili, kasi. Msumari akachukua redio.

"Msumari kwa wageni. Bibi harusi yupo, na mzee kamkalia juu. Simameni kwenye soksi ya upepo."

"Tunaona wanyama. Tupige honi?"

"Mtu yeyote asiguse honi."

"Rudia?"

"Asiguse honi hata kwa kiwiko."

Walisubiri. Chumvi ilikuwa inaisha, na nyati hakai mahali kwa mazoea. Dume la pembe moja likainua kichwa, likapiga chafya, likaelekea bwawani. Wengine wakafuata bila haraka. Nusu saa baadaye kiwanja kilikuwa na mavi, nyayo, na ndege moja yenye abiria waliolowa.

Walimkuta Mhifadhi Mkuu kweli kakaa juu ya sanduku, wanga wote umeyeyuka, sare imemlalia mwilini kama nguo ya kuogea. Akaanza palepale. Alikuwa akifanya ukaguzi wa kushtukiza. Alikuwa na mashaka na masanduku haya tangu zamani. Ofisa mmoja akamwonyesha karatasi nane zenye sahihi yake, wino haujamaliza siku. Akaziangalia moja moja, kwa makini, na nadhani ndiyo karatasi za kwanza alizowahi kusoma mpaka mwisho.

Sanduku la kwanza likafunguliwa. Msumari mwenyewe aliinua ngozi, akafuta chumvi kwenye kibandiko kwa kidole gumba, akasoma tarehe kwa sauti ya wazi ili kila mtu asikie na aandike. Tisa. Kumi na tatu. Ishirini na mbili. Ile ya kwanza aliisoma mara mbili.

Alipomaliza alipiga Thuraya.

"Shangazi. Harusi imevunjika."

"Kuna aliyeumia?"

"Fimbo ya Mhifadhi Mkuu."

Kikohozi kilisikika upande wa pili, au labda kilikuwa kicheko, kwa Shangazi huwezi kujua. Akamwambia faksi ya mwendesha mashtaka inaandikwa sasa hivi, na kwamba Ijumaa anaruhusiwa kuchanganya.

Msumari akawapita Kofia na Mhifadhi Mkuu waliofungwa pingu moja, mkono wa huyu kwa mkono wa yule, ukaribu walioustahili. Hakusimama. Kofia alimwita kwa jina pekee alilokuwa nalo, "Dereva!", kana kwamba bado kuna mahali pa kupelekwa. Akafika kwa Mama Mpishi, aliyetoka kambini kwa miguu kuja kuona kishindo ni cha nini, akamkabidhi funguo za stoo. Akamwambia kuna gunia zima halijafunguliwa, achukue la mchuzi. Halafu akaondoka, begi moja begani, akitembea katikati ya kiwanja bila kugeuka nyuma.

Ijumaa saa tano geti la mahabusu lilifunguliwa. Kaka mtu alitoka na mfuko wa plastiki wenye shati, mswaki na barua za wanawe. Amekonda. Mvi zimemvamia upande mmoja. Alisimama kwenye jua, akapepesa macho, akamwona dada yake ameegemea ukuta. Hawakukumbatiana, si watu wa mambo hayo. Alikuja mpaka karibu.

"Nimesikia walitoka wote," alisema. "Walikuwa wangapi?"

"Mia mbili na kumi na wawili."

Akatazama chini, vidole vikitembea kwenye mshono wa mfuko, akipiga hesabu.

"Tisa wameongezeka," alisema, na hapo ndipo machozi yakamtoka.